Pengo la Shekue

Siku hizi arobaini ya mfanyakazi haipiti bila filamu. Kamera za kazini huyakusanya maisha yake, mashine ikayageuza vichekesho, ili wafiwa wafute machozi.

Mwanahawa aliitazama ya mumewe, Shekue, akiwa na Mlekwa, aliyefanya kazi na marehemu kwenye maabara ya maji. Katika filamu hiyo, iliyoonyeshwa ukutani, Shekue na Mlekwa walikuwa mahasimu: waligombea feni, wakafichiana vikombe, wakasemeana kwa bosi. Sebule nzima ilivunjika mbavu.

"Shemeji, mligombana lini nyinyi? Si mlikuwa mkila sahani moja?" Mwanahawa aliuliza.

"Ndivyo wanavyozitengeneza," Mlekwa alinong'ona. "Mapatano hayachekeshi."

Mwanahawa alikubali kwa shingo upande. Ndipo Shekue wa ukutani akacheka, kinywa wazi, meno yamejipanga kama punje za mahindi. Mwanahawa akashtuka. Mumewe alikuwa na pengo la mbele, na kila akicheka aliziba mdomo kwa kiganja.

"Pengo lake liko wapi?"

"Pengo?"

"Mlekwa! Si wewe uliyekuwa ukimwita Mlango Wazi?"

"Huenda, shemeji." Sauti yake iliingiwa na hofu. "Mimi nilipewa nakala mapema. Upweke ulinifanya niitazame kila siku. Sasa hata ile feni nakumbuka tuliigombea."

"Mama, irudie!" binti wa marehemu alidai, akicheka kinywa wazi.

Mwanahawa alimpakata. "Baba yako alicheka hivi," alisema, akaziba mdomo kwa kiganja cha kulia.

Kisha akasita, akajaribu cha kushoto.