Mkono wa Katapila

Mkaguzi aliinua mkono wa katapila dogo mpaka meno ya ndoo yakalingana na dirisha la nyumba ambayo haijakwisha kujengwa. Akazima injini, akashuka, akachora mstari wa chaki ukutani pale meno yalipofika. Kisha akatazama saa yake.

Nyuma ya utepe wa polisi alisimama mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi. Wiki iliyopita alimzika mwanawe mdogo. Mkubwa yuko mahabusu, anashtakiwa kwa kumuua.

Ndugu hao wawili walikuwa wakichimba shimo la choo hapo uani, mkubwa akiendesha katapila, mdogo akiwa shimoni na sepetu. Mkono ukamporomokea mdogo shimoni. Mkubwa aliapa kwamba hakugusa kitu, umeshuka wenyewe. Lakini majirani walisema ndugu hao hawaelewani tangu baba yao afe, wanagombania kiwanja, na asubuhi ile walirushiana maneno makali mbele za watu. Polisi wakashika hayo ya majirani. Sasa maisha ya kijana yalining'inia kwenye karatasi ya mkaguzi. Mashine ikiwa mbovu, ni ajali. Ikiwa nzima, ni mauaji.

Mwenye katapila alilinunua mtumba miezi miwili nyuma. Aliwaambia polisi kwamba aliyemuuzia alimhakikishia limetoka gereji siku hiyo hiyo, halina neno.

Askari aliyepewa kazi ya kushuhudia ukaguzi alikuwa kivulini, mbali, simu sikioni.

Mkaguzi hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa amekwisha kagua mikanda ya mpira inayobeba mashine; ilikuwa imelegea kidogo, si ya kutisha. Alishika ndoo akaitikisa, pini zikacheza, lakini kwa umri ule zisingeacha kucheza. Oili ya injini ilikuwa safi. Moshi haukuwa mweusi. Kwa katapila la tani moja na nusu, linalopita kwenye geti la nyumba na kuchimba mita mbili kwenda chini, lilikuwa bado na nguvu zake.

Ulibaki mkono.

"Mwanangu," mama aliita kwa sauti ya chini. "Unashuka."

Mkaguzi alitazama ukuta. Ndoo ilikuwa imeshuka shubiri nzima chini ya mstari wa chaki, na bado iliendelea, polepole, kama mtu anayesinzia.

"Naona, mama."

"Aliniambia. Siku mbili kabla, tukiwa mezani, alisema ule mkono ukipata moto hauaminiki. Mdogo wake akamcheka, akamwambia anatafuta sababu ya kukwepa kazi. Nilimwambia hayo afande. Akasema mama yeyote atamtetea mwanawe."

Mkaguzi alitazama saa yake tena.

"Mmoja nimeshamzika," mama alisema. "Huyu mwingine yuko mikononi mwako. Siombi unipendelee. Andika ulichokiona, basi."

"Nimekusikia, mama yangu. Kaa chini upumzike, jua kali hili."

Mama akaketi juu ya tofali. Kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka.

Mkaguzi alilaza ndoo chini, akafungua mfuko wake wa vifaa. Alitoa spana moja tu, akapitisha mkono nyuma ya kifuniko cha chuma ambako jicho halifiki, akaifungua vali inayozuia mkono usianguke. Ndani, mahali pa sili, ile pete inayozuia oili isivuje, palikuwa na kipande cha mpira wa tairi kilichokatwa kikachongwa duara. Joto la oili lilikuwa limekila pembeni, kimelainika kama ufizi.

Alikitazama kwa muda mrefu. Akakifunga ndani ya kitambaa, akakitia mfukoni. Akapangusa vali, akachukua sili mpya kwenye mfuko wa vifaa, akahangaika nayo kama robo saa akiwa amempa mama mgongo, kisha akaifunga na kuikaza.

"Afande," aliita. "Njoo ushuhudie."

Askari alikuja akijifuta jasho. Mama naye akasimama, akausogelea utepe mpaka ukamgusa kifuani. Mkaguzi aliwasha injini, akachimba na kumwaga udongo kwa nusu saa mpaka oili ikapata moto. Kisha akainua ndoo hadi kwenye mstari wa chaki. Akazima.

Dakika tano zikapita. Dakika kumi. Nzi alitua kwenye jino la ndoo, akatembea, akaruka. Robo saa. Meno yalikuwa palepale, juu ya chaki, kana kwamba yamepigiliwa misumari.

"Mbona sasa haushuki?" mama aliuliza. "Mwanangu, si umeona mwenyewe? Si umeniambia unaona?"

"Mama, wewe unajua mashine?" askari alisema, bila ukali. "Mwache mtaalamu afanye kazi yake."

Mkaguzi aliweka karatasi juu ya kifuniko cha injini, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Mashine haina hitilafu.* Akatia sahihi na tarehe. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akahakikisha kipande cha mpira kipo, kilekile alichokikata kwa wembe wake mwenyewe miezi miwili nyuma, siku ambayo gereji yake iliishiwa sili na mteja alikuwa na haraka ya kuuza.