Hatari Nne za Selestine

Kijiji kizima cha Kakese hakuna mwanamke wa umri wake aliyesoma haraka kama Bernadetha. Asubuhi ile alisimama mbele ya karatasi ukutani, kidole kikitembea herufi kwa herufi, mpaka uji ukafurika na kuzima moto.

TAHADHARI: SUFURIA LIKITOKA JIKONI NI LA MOTO.

"Hili nani alikuwa halijui?" alimuuliza mwanawe.

Selestine alikuwa afisa usalama wa kiwanda huko Dar es Salaam, na alikuja likizo akiwa na jambo moja kichwani: kuondoka na mama yake. Nyumba ile, alisema, si ya mtu wa miaka sabini na nne.

Bernadetha hakutaka kwenda. Alikuwa na karanga shambani, mzinga wa nyuki, na kaburi la mumewe la kufagia. Walibishana mpaka wakapatana: Selestine akague. Hatari zikifika nne, Jumamosi wanapanda basi wote. Zikipungua, mama anabaki.

"Lakini usibuni," alisema Bernadetha.

"Mama, mimi siandiki kitu ambacho sijakihakiki mwenyewe."

Hiyo ilikuwa Jumanne, na sufuria likahesabiwa hatari ya kwanza. Mchana Selestine alikula ugali kwa kijiko. Usafi wa mjini, alisema.

Jumatano alirudi kutoka steshenari ya Shanwe na karatasi nyingine, imevikwa nailoni isilowe. KIGODA HIKI NI KIBOVU. KAA POLEPOLE.

"Nimekikalia tangu hujazaliwa."

"Mbili," alisema Selestine. Jioni alikula amesimama. Kukaa sana kunaharibu mgongo.

Alhamisi ikawa zamu ya mlango. INAMA KABLA YA KUINGIA.

Bernadetha aliisoma mara mbili, hasira zikimpanda. "Marehemu baba yako, na urefu ule, na pombe zake, alipita hapa miaka thelathini. Nani alimwandikia?"

"Tatu."

Alisema hivyo akiwa amevaa kofia ya sufu, jua limewaka. Ndiyo fasheni, alisema. Bernadetha akajiambia: Watu wa Dar wana mambo yao.

Ijumaa Selestine alitoka na nyundo, misumari na karatasi ya nne. Bernadetha alianza kukunja kanga zake moja moja, akizisukuma kwenye begi kana kwamba zenyewe ndizo zimemkosea. Alipochoka kusubiri, akaenda shambani kuuaga mzinga wake.

HATARI: NYUKI HUUMA. Karatasi ilining'inia kwa msumari mmoja, imepinda. Nyundo ilikuwa kwenye majani. Mbele kidogo, kiatu kimoja.

Akakiokota, akarudi. Selestine alikuwa kitandani, kofia kichwani, uso ukutani, shavu amelifunga kwa kanga.

"Jino, mama. Limeamka ghafla." Sauti ilitoka nusu. "Ila zimetimia nne. Maliza kufunga begi."

Bernadetha akamgeuza taratibu kuelekea dirishani. Akaukwangua kwa ukucha mwiba wa nyuki kwenye kope lake, akauweka juu ya kile kijiko chake cha ugali, kando ya kitanda. Kisha akamvua kofia, akaitazama nundu.

"Sasa lete mkono," alisema. "Ya kigoda nitakuamini bila kuangalia."