Kiti cha Msimamizi

Waya ulikuwa mpya. Ulizungushwa mara tatu kwenye valvu ya usalama ya tangi la hewa, ukakazwa kwa koleo, ili valvu isifunguke tena kupunguza hewa.

Nabiswa, aliyefanya kibarua kwa miaka sita katika kiwanda hiki cha chupa Industrial Area, aliligusa tangi. Lilimchoma kiganja. Humo ndani chembe za hewa zilikuwa zikikimbia ovyo na kuzigonga kuta bila kupumzika, na kadiri kompresa ilivyozidi kushindilia nyingine, ndivyo zilivyozidi kugonga. Mshale wa geji ulikuwa umeshapita alama nyekundu.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi," msimamizi alijibu kwa mbali. "Ilikuwa inatuchelewesha. Hiyo ni hewa tu, mama. Itafanyia chuma nini?"

Kwa mbali! Meza yake, iliyokaa kando ya tangi miaka yote, sasa ilikuwa nyuma ya ukuta wa mawe. Wanawake kumi na wawili walikuwa bado wanapanga chupa palepale, hatua mbili kutoka kwenye tangi.

Kumbe alijua.

Nabiswa alizima kompresa. Kiwanda kizima kikanyamaza.

"Wewe! Kesho usikanyage hapo getini!" msimamizi alifoka.

Nabiswa alienda nyuma ya ukuta, akakibeba kiti cha msimamizi, akakiweka chini ya ile valvu na kukipangusa vumbi kwa leso yake.

"Karibu, bosi," akasema. "Kaa hapa, halafu niwashe."