Neno la Kuumia Kweli

"Balut! Balut!" Mjapani aliyepangiwa kuigiza majeruhi katika mashindano ya mazoezi ya kijeshi alipiga kelele juu ya machela, na Wafilipino waliombeba wakaangua kicheko.

"Loo! Mtu anakata roho huku anadai yai la bata!" sajini akasema. "Haya, mbio! Atalikuta hospitalini."

Koplo Dalisay, aliyeshika machela upande wa kichwani, hakucheka. Ndiye aliyetumwa kuwafundisha wageni neno la kusema mtu akiumia kweli, neno la kusimamisha mazoezi yote. Wengine aliwafundisha sawasawa. Huyu, kwa utani tu, alimpa neno balut. Alikusudia kumrekebisha wakati wa chakula, akasahau.

Damu ya rangi waliyompaka Mjapani kifuani ilikuwa imeshakauka. Hii iliyomchuruzikia Dalisay vidoleni ilitoka shingoni, na ilikuwa ya moto.

"Sajini..."

"Mbio, wewe! Wamarekani wanatupita!"

Mjapani akainua macho, akamtambua mwalimu wake. Uso ukamlegea kwa nafuu. Akalirudia neno lile polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayedhani amekosea kulitamka.