Kompyuta ya Ngedere Iliyojizima

Alikuwapo Ngedere asiyejua kusubiri. Kompyuta yake ya nyumbani ilihifadhi sauti ya marehemu bibi yake, nakala ya pekee, naye alitaka kuiondolea sauti hiyo mikwaruzo kabla ya arobaini ya bibi. Alipoona kazi inakwenda polepole, akaongeza kasi ya prosesa, kile kidude kinachoiendesha kompyuta. Kompyuta ikazimika. Akaiwasha, akaongeza tena, ikazimika tena.

"Mvivu huyu!" akafoka. "Sasa namzidishia na umeme."

"Thubutu uiunguze sauti ya bibi," alisema jirani yake, Nyuki. "Hebu nionyeshe inapopumulia."

Matundu yote yalikuwa yamefunikwa na kitambaa alichokifuma bibi. Ngedere alikuwa amekitandika hapo kwa heshima.

"Jirani, sisi mzinga ukipata joto tunaupepea kwa mabawa. Wewe umeikimbiza mbio, kisha ukaivisha blanketi!"

Nyuki akaondoa kitambaa, akairudisha kasi ya awali. Kompyuta ikawaka, sauti ikiwa salama.

"Kumbe haikufa?"

"Ilijizima yenyewe ilipohisi joto limezidi, isije ikaungua."

Ngedere akaitazama. Kile kidude cha prosesa, kidogo kuliko kiganja chake, kilikuwa kimemlinda bibi dhidi ya mjukuu wake mwenyewe. Akakunja kitambaa, akakaa chini, akasubiri.