Boksi la Tinsley

Kila Ijumaa watoto wa kambi yetu ya bustani ya wanyama humtengenezea chui milia boksi la nyama, alirarue mwenyewe. Kazi yangu ni kulikagua lisiwe na pini.

Katika boksi la Tinsley, chini ya nyama, nilikuta mkanda wa kiume. Bizimu lake lilikuwa na nyota.

“Mwalimu, si chui anakula kila kitu?” Tinsley aliuliza.

“Mkanda wa nani huu?”

“Wa baba.” Akavuta kaptura ifunike paja. Alichelewa. Ile nyota nilishaiona pajani, ya zambarau.

Tinsley husomeshwa nyumbani. Hana mwalimu mwingine wa kuiona.

Saa tisa baba yake alikuja getini, kashikilia suruali kwa mkono mmoja.

“Binti yangu kakusumbua leo?”

Nikasukuma komeo la geti, mimi na Tinsley tukiwa ndani, yeye nje.