Shati la Sherehe ya Chuo

Mtu akifikisha miaka sitini, ufundi wake hutolewa mikononi na kutiwa katika mikono ya kijana wa chuo. Mpango huo aliuanzisha mume wangu, Baba Nasra, alipokuwa wizarani. Yeye hakutolewa kitu, kwa kuwa kazi ya ofisini haihesabiwi ufundi.

Jana chuo kilimwalika kwenye sherehe ya kumpongeza. Kifungo cha shati lake kikadondoka. Nikashika sindano, mimi niliyewashonea maharusi wa mtaa mzima, nikajichoma. Akanifuta damu kwa leso yake.

"Acha, Mama Nasra," alisema bila kunitazama.

Tunu, binti wa jirani anayesoma chuoni, alikuja kutuamkia, akalipokea shati. Akashona upesi, akakata uzi kwa jino la pembeni, kama nilivyofundishwa na marehemu mama.

"Nani kakufundisha kutumia jino?" nikamuuliza.

"Wala sijui, bibi. Nimejikuta tu nafanya."

Baba Nasra alimshukuru, akalikunja shati, akaketi kando yangu. Gari la chuo likapiga honi mlangoni. Hakuinuka. Alichukua sindano, akajaribu kutunga uzi ili anionyeshe namna, akashindwa. Nikamshikia mkono, tukajaribu tena. Honi ikaendelea kulia.